Nyumba Njema Si Mlango: Maisha ya Khalifa Umar bin Abdulaziz

Kila Ijumaa, khatibu anapokaribia kuteremka mimbarini, huisoma ile aya ya tisini ya Suratu-n-Nahl, aya inayoamrisha uadilifu na hisani na kuwapa jamaa wa karibu, na inayokataza machafu, maovu na dhuluma. Sisi watu wa pwani, kutoka Lamu hata Vanga, tumeisikia tangu siku tulizokuwa tukishikwa mkono na baba zetu kwenda msikitini, hata masikio yameizoea kama yalivyozoea adhana. Lakini ni wangapi katika sisi waliojiuliza ni nani aliyeiweka aya hiyo mahali pale?

Wanahistoria wa Kiislamu humtaja mtu mmoja: Umar bin Abdulaziz, khalifa wa nane wa Bani Umayya. Kabla yake, katika hotuba za Ijumaa, mimbari zilitumiwa kumlaani Sayyidna Ali bin Abi Talib, kwa sababu ya ugomvi wa zamani wa kugombea utawala. Umar akaiondoa laana, akaweka uadilifu. Jambo hilo peke yake lingetosha kumfanya akumbukwe, lakini analo jingine, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Mtu huyu alitawala miaka miwili na miezi mitano tu, tangu mwaka 717 hata mwaka 720. Hakuteka nchi mpya ya kutajika, wala hakuacha kasri la kupigiwa mfano. Hata hivyo wako waliomwita khalifa wa tano mwongofu, wakamweka nyuma ya Abubakar, Umar, Uthman na Ali, wakawaruka watawala waliozidisha dola mara mbili. Kwa nini?

Jibu linapatikana katika methali ya wazee wetu, kwamba nyumba njema si mlango. Na sisi milango twaijua. Nenda Lamu, au pita vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, uione milango ya mbao iliyochorwa nakshi kwa mkono wa fundi hodari. Mpita njia husimama akastaajabu, akadhani waliomo ndani wana raha isiyo kifani. Lakini mlango haumwelezi kama chungu kiko jikoni, kama mgonjwa amepata dawa, wala kama watoto wamelala na njaa. Ya ndani yajulikana na waliomo ndani. Dola nayo ni nyumba, na Umar bin Abdulaziz ni mtu aliyezaliwa mlangoni, akaupenda mlango, kisha siku moja akageuka akatazama ndani.

Mlango wa dola

Wasomaji wa Habari za Pate watakumbuka kuwa tarehe ile huanza na jina la Abdulmalik bin Marwan, khalifa wa Sham, ambaye yasemekana aliwaleta watu kujenga miji katika pwani yetu. Wanahistoria wa leo hawajaona ushahidi wa kutosha wa habari hiyo, lakini yatuonyesha jinsi sifa za ukoo ule zilivyofika mbali. Abdulmalik huyo ndiye ami yake Umar, na baadaye akawa mkwewe.

Abdulmalik alipokufa mwaka 705 alimrithi mwanawe, Walid, na katika zama zake dola ilitanuka kupita kiasi. Mwaka 711 Tariq bin Ziyad alivuka bahari akaingia Andalus, nchi tuiitayo leo Uhispania. Wakati huo huo Muhammad bin Qasim alikuwa akiteka Sind, na Qutayba bin Muslim akipenya mashariki hata Bukhara na Samarkand. Huko Dameski, Walid alijenga msikiti mkuu wa marumaru na nakshi za vioo vya dhahabu, ambao umesimama hadi leo. Aliyetazama kwa nje aliona dola isiyo na mwenziwe duniani.

Ndani mambo yalikuwa mengine. Ardhi nyingi nzuri zilikuwa mikononi mwa jamaa wa khalifa. Watu wa Misri, Iraq na Khurasani walioingia katika Uislamu waliendelea kutozwa jizya kana kwamba hawakusilimu, kwa kuwa maliwali waliogopa mapato yasipungue. Huko Iraq, liwali Hajjaj bin Yusuf aliwarudisha kwa nguvu mashambani wakulima waliosilimu na kuhamia mijini, ili kodi ya ardhi isipotee. Na Waislamu wasiokuwa Waarabu, waliojulikana kwa jina la mawali, walikwenda vitani pamoja na wenzao huku wengi wao hawaandikiwi mshahara.

Kijana wa manukato

Umar alizaliwa karibu mwaka 61 Hijria, yaani karibu mwaka 681, na wengi wasema alizaliwa Madina. Baba yake, Abdulaziz bin Marwan, alikuwa liwali wa Misri kwa muda wa miaka ishirini hivi. Mama yake, Ummu Asim, alikuwa mjukuu wa Sayyidna Umar bin al-Khattab.

Habari ya bibi yake mzaa mama ni miongoni mwa visa alivyopenda kutusimulia maalim wetu chuoni, tukisha kufunga misahafu. Yasimuliwa kuwa Sayyidna Umar alikuwa akizunguka Madina usiku kuangalia hali za watu. Usiku mmoja akasikia mama akimwamuru bintiye atie maji katika maziwa ya kuuza, na binti akikataa, kwa kuwa Khalifa amekataza, na kama Khalifa hawaoni, Mola wa Khalifa awaona. Asubuhi Sayyidna Umar akamposea binti yule mwanawe Asim. Katika ndoa ile ndimo alimozaliwa mama wa Umar bin Abdulaziz. Basi Umar wa pili alirithi kwa upande mmoja kiti cha Bani Umayya, na kwa upande wa pili macho ya mtu aliyetembea usiku kutazama raia wake wanaishije.

Lakini macho hayo yalichelewa kufunguka. Baba yake alimpeleka Madina asome, akamweka chini ya uangalizi wa Salih bin Kaysan. Siku moja kijana alichelewa sala, na alipoulizwa akasema kuwa mtumishi wake alikuwa akimtengeneza nywele. Mwalimu akamwandikia baba Misri, na baba akamtuma mjumbe ambaye hakuzungumza neno na kijana mpaka alipokwisha kumnyoa.

Alipofariki baba yake, Abdulmalik alimwita Dameski akamwoza bintiye Fatima. Umar wa siku hizo alikuwa kijana wa anasa. Nguo zake zilikuwa za bei kubwa, manukato yake yalijulikana kabla hajaonekana mwenyewe, na mwendo wake wa maringo ulipewa jina lake, vijana wakauiga.

Mwaka 706 Walid alimfanya liwali wa Madina. Huko alionyesha dalili ya mtu atakayekuwa. Aliwakusanya wanazuoni kumi wa mji, akawataka wamshauri katika kila jambo zito na wamfikishie habari ya dhuluma yoyote itendwayo na watumishi wake. Ni yeye pia aliyesimamia ujenzi mpya wa msikiti wa Mtume (S.A.W.). Watu wa Iraq waliomkimbia Hajjaj walipata kimbilio kwake.

Hata hivyo haifai kumsifu mtu kwa kuficha doa lake. Khalifa Walid alimwagiza amwadhibu Khubayb, mwana wa Abdullah bin Zubeir. Umar akatii. Khubayb akapigwa mijeledi na kumwagiwa maji baridi siku ya baridi kali, akafa. Umar hakuweza kulisahau jambo hilo. Wasema wasimulizi kwamba miaka baadaye, kila alipobashiriwa malipo mema kwa kazi yake, alimtaja Khubayb na kuuliza atamkwepa vipi siku ya hesabu. Alikuwa ameonja mwenyewe jinsi serikali inavyoweza kumwua mtu kwa amri iliyoandikwa vizuri na kutiwa muhuri. Karibu na mwaka 712, kwa kuchongewa na Hajjaj, akaondolewa Madina.

Wasia wa Dabiq

Walid alifuatwa na nduguye Sulayman. Mwaka 717 Sulayman alikuwa Dabiq, kaskazini mwa Sham, huku jeshi lake kubwa limeuzingira mji wa Konstantinopoli, ambao leo ni Istanbul. Akaugua, na alipoona mauti yako karibu alimshauri mwanachuoni Raja bin Haywa. Wosia ukaandikwa, ukatiwa muhuri, na jamaa wakaapishwa kumtii aliyetajwa ndani bila kumjua. Sulayman alipokufa wosia ulifunguliwa, na jina likawa la Umar, na baada yake Yazid bin Abdulmalik.

Watoto wa Abdulmalik walikunja nyuso. Na Umar mwenyewe, wasema waliokuwapo, hakuwa na furaha. Alisomewa cheo kama mtu asomewaye hukumu. Yasimuliwa kuwa alipanda mimbari akawaambia watu kuwa ametwikwa jambo hili bila kuulizwa yeye wala wao, na kwamba amewafungua kiapo chao wachague wamtakaye. Watu wakapiga kelele kuwa wamemtaka yeye.

Walipomletea farasi wa msafara wa khalifa waliopambwa, aliwakataa akapanda mnyama wake. Mahema, mazulia, manukato na mavazi ya kifalme aliamuru yauzwe na fedha zitiwe baitulmali. Mkewe Fatima alimkuta baadaye mahali pake pa kusalia, machozi yakimtiririka ndevuni. Alipomwuliza, alimweleza kuwa alikuwa akiwafikiri maskini mwenye njaa, mgonjwa asiye na mwangalizi, aliyedhulumiwa, mgeni aliyefungwa, mzee mkongwe, na mwenye watoto wengi na mali kidogo, walioenea katika pembe zote za dola, naye ajua kuwa Mola wake atamwuliza habari zao. Angalia orodha hiyo, msomaji. Haina mji uliotekwa wala ngome iliyojengwa. Hao ndio waliokuwa vipimo vyake.

Alianza nyumbani mwake

Watawala wengi wakitaka kurekebisha huanza kwa jirani. Umar alianza chumbani. Mashamba aliyopewa na makhalifa waliomtangulia aliyarudisha, na hati zake akazichana. Shamba la Fadak, lililokuwa la Mtume (S.A.W.) na ambalo Bani Umayya walikuwa wakirithishana, alilitoa mkononi mwake. Mkewe alikuwa na kito cha thamani alichopewa na baba yake Abdulmalik. Umar alimtaka achague baina ya kito na yeye. Fatima, binti khalifa, dada wa makhalifa na mke wa khalifa, alimchagua mumewe, kito kikaenda baitulmali. Baada ya Umar kufa, ndugu yake Yazid alitaka kumrudishia. Akakataa, kwa kuwa hakuona sawa kumtii mumewe akiwa hai na kumwasi akiwa amekufa.

Kisha akawageukia jamaa. Mashamba waliyoyapata bila haki yakarudishwa kwa wenyewe au kwa baitulmali, na posho zao za ziada zikakatwa. Wakamtuma shangazi yao, mama mzee aliyeheshimiwa na ukoo mzima, akamseme. Umar alimpokea kwa adabu, lakini hakurudi nyuma. Yasemekana bibi yule alipowarudia jamaa aliwalaumu wao wenyewe: walikwenda kuoa katika ukoo wa Umar bin al-Khattab, basi wasilalamike mtoto akimfanana babu yake.

Kisa cha taa nacho ni maarufu. Akishughulika na kazi ya umma usiku aliwasha taa ya mafuta ya baitulmali. Yakianza mazungumzo yake mwenyewe aliizima, akawasha yake. Na liwali wa Madina alipomwandikia akitaka karatasi zaidi, Umar alimjibu kuwa aichonge kalamu iwe nyembamba na mistari aikaribishe, kwa kuwa Waislamu hawana haja ya maneno mengi yanayowagharimu mali yao.

Barua za Khalifa

Lakini taa na kalamu ni mambo madogo, na mtawala anaweza kuvaa kanzu yenye viraka na raia wake wakabaki vile vile. Kazi kubwa ya Umar imo katika barua alizowaandikia maliwali, na nyingi zimehifadhiwa na wanahistoria kama Tabari.

Liwali wa Misri alimlalamikia kuwa watu wanasilimu kwa wingi na jizya inapungua. Umar akamwamuru amwondolee jizya kila aliyesilimu, akamkumbusha kuwa Mwenyezi Mungu alimtuma Mtume wake kuwaongoza watu, hakumtuma kukusanya kodi. Kutoka Khurasani ulimjia ujumbe, na katika wajumbe alikuwamo mmoja wa mawali. Waarabu wawili waliokuwa naye walizungumza, yeye akanyamaza. Umar akamtaka naye aseme. Akaeleza kuwa mawali elfu ishirini wanapigana bila mshahara wala posho, na wengine kama wao wamesilimu lakini bado wanatozwa. Umar akaamuru wasitozwe tena, na liwali wa huko hatimaye akaondolewa.

Kwa liwali wa Kufa aliandika kuwa watu wa mji ule wamepatwa na shida na jeuri ya watawala wabaya. Akamkataza kuitoza ardhi kame kodi ya ardhi yenye rutuba. Akafuta zawadi ambazo wakulima walilazimishwa kuzitoa siku za sikukuu za Nairuzi na Mihrajani, pamoja na ada za wachukua barua, za nyumba, na hata za mtu kuoa. Mwenye kusoma orodha ile huona wazi jinsi mkulima wa Iraq alivyokuwa akinyonywa senti kwa senti, kila mwenye cheo akimega chake.

Baitulmali ya Iraq ilipokuwa na ziada baada ya watu kupewa haki zao, alimwagiza liwali awalipie madeni wale waliokopa pasipo ubadhirifu. Ziada ikabaki, akaamuru vijana wasio na mahari wasaidiwe kuoa. Ikabaki tena, akaamuru wakulima wasiokuwa Waislamu, walioshindwa kulima ardhi zao, wakopeshwe mtaji wapate nguvu. Huko Khurasani aliagiza nyumba za wageni zijengwe njiani, msafiri apokewe siku moja usiku na mchana, na mgonjwa siku mbili.

Haki yenyewe haikuishia kwa Waislamu. Wakristo wa Najrani walikuwa wakitoa mavazi 2,000 kila mwaka. Wakaja kulalamika kuwa wamepungua. Umar akaagiza wahesabiwe, wakaonekana wamebaki sehemu moja katika kumi, akapunguza yakawa 200. Wakristo wa Dameski nao walilalamika kuwa Walid alilichukua kanisa lao akaliingiza katika msikiti mkuu. Umar hakuwafukuza, alilisikiliza shauri lao mpaka ikapatikana suluhu ya kurudishiwa makanisa mengine katika viunga vya mji. Hata hivyo, ziko pia amri zake zilizowabana wasio Waislamu katika mavazi na katika kazi za serikali. Alikuwa mtu wa zama zake, hakuwa malaika.

Kuhusu msikiti wenyewe, yasimuliwa kuwa alikusudia kuing'oa dhahabu yake aitie baitulmali, na kwamba alighairi alipopata habari kuwa wajumbe wa Warumi wameuona wakapigwa na bumbuwazi. Yaani aliujua umuhimu wa mlango pia, bali alikataa mlango uwe badala ya nyumba. Liwali mmoja alipomwomba fedha za kujenga ukuta wa mji uliobomoka, alimjibu auzungushie mji ukuta wa uadilifu, na njia zake azisafishe dhuluma. Na lile jeshi lililouzingira Konstantinopoli, lililokuwa likifa kwa njaa na baridi, alilipelekea chakula na wanyama, akaliamuru lirudi. Fahari ya kuuteka mji haikuwa na thamani ya maisha yale.

Zaka bila wa kuichukua

Kisa kinachosimuliwa kuliko vyote ni cha mtoza zaka wa Afrika ya Kaskazini, Yahya bin Said. Yasemekana alikusanya zaka, akawatafuta maskini wa kuwapa asiwapate, mwisho akanunua watumwa kwa mali ile na kuwaacha huru.

Huenda msomaji akatabasamu, akasema kuwa haiyumkiniki dola nzima, tangu Andalus hata Sind, ikose maskini katika miaka miwili na nusu. Nami sitabishana naye. Lakini ukitia shaka katika hesabu, usiache kuitazama mizani. Watu waliokisimulia kisa hiki walitaka kuusifu utawala, wakatafuta sifa kubwa kupita zote. Hawakusema majeshi yake yalikuwa mengi, wala hazina yake ilijaa pomoni. Walisema zaka ilikosa mchukuaji. Kwa watu wale, dola iliyofaulu ni ile ambayo maskini wake amepata cha kumtosha.

Katika zama zetu wataalamu wamezunguka njia ndefu kuifikia mizani hiyo hiyo. Mwaka 1934 Simon Kuznets aliliandalia Baraza la Congress la Marekani hesabu ya pato la taifa, akaonya mwenyewe kuwa hesabu hiyo haiwezi kuonyesha kama watu wanaishi vizuri. Wengi waliichukua hesabu wakaliacha onyo. Mwaka 1990 ndipo Umoja wa Mataifa ulipotoa ripoti iliyoongozwa na Mahbub ul Haq wa Pakistan, ikazipima nchi kwa umri wa kuishi na elimu pamoja na pato. Umar hakuwa na tarakimu hizo. Alikuwa na njaa, ugonjwa, deni na kilio cha aliyeonewa.

Baada yake

Umar alifariki Rajab mwaka 101 Hijria, Februari mwaka 720, mahali paitwapo Dayr Sim'an huko Sham, hajapita sana miaka arubaini. Wengi wasema alitiliwa sumu na mtumishi aliyehongwa dinari elfu, na kwamba Umar alipomgundua alizichukua dinari akazitia baitulmali, akamwacha mtu yule aende zake. Alipokuwa mgonjwa, shemeji yake Maslama aliiona kanzu yake imechafuka akamlaumu dadake Fatima kwa kutoifua. Fatima akamweleza kuwa hana nyingine. Na mahali pa kaburi lake alipanunua kwa Mkristo mwenye ardhi, naye alitaka kumpa bure, lakini Umar alikataa asipolipa.

Yazid bin Abdulmalik alipokalia kiti, mambo yalirudi yalikotoka. Huko Afrika ya Kaskazini liwali mpya alijaribu kuwarudishia jizya Waberiberi waliosilimu, wakamwua hata hakumaliza mwaka. Mwaka 740 Waberiberi waliasi kwa jumla. Khurasani nako, katika wale mawali na wengineo waliochoka kulalamika, ndiko ulikoanzia uasi ulioiangusha dola ya Bani Umayya mwaka 750. Misikiti ilikuwapo bado, majeshi yalikuwapo, na mipaka ilikuwa mipana. Nyumba ilianguka na mlango wake umesimama, kwa kuwa waliokaa ndani hawakuwa na sababu ya kuishikilia.

Bani Abbasi waliposhinda, waliyafukua makaburi ya makhalifa wa Bani Umayya kwa chuki. Wasema wanahistoria kuwa la Umar hawakuligusa. Likakaa kwa karne nyingi karibu na mji wa Maarrat al-Numan, mpaka vita vya Syria vya siku hizi, na mwaka 2020 zikatoka habari na picha kuwa nalo limefukuliwa na kuharibiwa. Lililoachwa na maadui wa ukoo wake halikuachwa na watu wa zama zetu.

Basi Ijumaa ijayo, msomaji, khatibu akifika katika aya ile ya Suratu-n-Nahl, isikilize kana kwamba unaisikia mara ya kwanza. Aliyeiweka pale hakuacha kasri la kutazamwa. Kisha ukitoka msikitini, kabla hujavaa viatu, watazame waliokaa mlangoni wakinyoosha mikono, uhesabu ni wangapi, ukumbuke Ijumaa iliyopita walikuwa wangapi. Hiyo ni hesabu ambayo kila mmoja wetu aweza kuifanya.